Nyumba Iliyokaidi Ripoti

Si zamani sana, wala si mbali sana, ingawa ukiuliza njia utaambiwa imefungwa kwa matengenezo, palikuwa na nchi iliyojaliwa kila kitu. Ilikuwa na milima, mito, madini na wizara arobaini na moja. Watu wake walikuwa wapole kupita kiasi, na viongozi wao waliuthamini sana upole huo, hata kila mwaka wakawa wanauongezea majaribu ili usije ukapungua.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na mtaa wa nyumba za Halmashauri ulioitwa Shukrani. Nyumba zilikuwa mia mbili na kumi, zote za mtindo mmoja, zote zimepakwa rangi siku moja miaka thelathini na moja iliyopita, na tangu siku hiyo Halmashauri ilikuwa bado inapumzika. Mpangaji hakuruhusiwa kupigilia hata msumari. Kanuni ya Saba ilieleza kwamba nyumba ni mali ya umma, na kwa kuwa umma ni watu wengi, haiwezekani mtu mmoja aamue peke yake pa kupigilia msumari. Basi kalenda zilibandikwa ukutani kwa uji wa muhogo. Bwana mmoja wa nyumba namba themanini aliziba tundu la panya kwa kipande cha sabuni, akafukuzwa yeye na mkewe. Panya alibaki, maana hakuwa amevunja kanuni yoyote.

Katika nyumba namba mia na kumi na nne alikaa Sikudhani, fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuona haya. Alikaa na mama yake, Bi Mwanamkasi. Miguu ya Bi Mwanamkasi ilikuwa imemgomea miaka minne iliyopita, lakini ulimi haukujiunga na mgomo huo. Alishinda kitandani, karibu na dirisha, akitazama kile kipande cha barabara kilichomfikia, na hakuna mtu Shukrani aliyepita pale bila kujulikana ametoka wapi, anakwenda wapi, na amenuniana na nani.

Shida yenyewe ilikuwa juu ya kitanda hicho. Bati lilitoboka, mvua za mwaka jana zikapenya, na dari likanywa maji mpaka likaota kitambi. Kila wiki kitambi kilishuka kidogo. Mwezi wa Januari Bi Mwanamkasi alinyoosha bakora yake akiwa amelala, haikufika. Mwezi wa Februari bakora ikafika. Masika yalikuwa yanakuja Machi, na kila mtu mwenye macho aliona kwamba mvua ya kwanza kubwa ingelishusha dari lote juu ya kifua cha bibi kizee.

Kitanda hakikuweza kusogezwa, kwa sababu chumba kilijengwa kwa vipimo vya kitanda, jambo ambalo Halmashauri ilijisifia sana. Sebuleni nako kulikuwa wazi, maana dari la huko lilianguka mwaka juzi, kwa bahati njema juu ya kiti kisicho na mtu.

"Nikupeleke kwa kaka, Mama," Sikudhani alisema siku moja, akijaribu kulisema kwa wepesi. "Ukae huko shamba mpaka mvua ziishe."

"Kwa kaka yako nitatazama nini? Mihogo? Mihogo haipiti, haigombani, haiposwi. Nitakufa kwa ukimya kabla mvua haijaanza."

Sikudhani alijua kwamba mama yake hatanii. Aliogopa dari, akauogopa ule ukimya vilevile, na kati ya hofu hizo mbili akaona njia moja tu. Alivaa gauni lake la heshima akaenda Halmashauri.

Sasa, ili nyumba itengenezwe ilikuwa lazima kwanza ikaguliwe, na ili ikaguliwe ilikuwa lazima iombewe. Fomu ya maombi ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Iliuliza umri wa nyumba, tabia yake, na kama imewahi kuishi nje ya nchi. Ukurasa wa mwisho ulitaka kasoro ielezwe kwa maneno matatu, bila kutumia neno "bovu". Neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku tangu Mheshimiwa Mkurugenzi alipogundua kwamba ndilo lililokuwa linaharibu nyumba za watu.

Karani wa dirisha namba nne, Bwana Mbwilo, aliisoma fomu polepole, kisha akairudisha kwa kidole kimoja.

"Mama, umeandika dari limeoza. Dari la Halmashauri haliozi."

"Linafanyaje, baba?"

"Linachoka. Kama mimi na wewe."

"Basi niandike limechoka."

"Ukiandika limechoka, maana yake tumelitumikisha. Hiyo ni kesi. Andika linapumzika."

Sikudhani akaandika: *Dari linapumzika kitandani.* Bwana Mbwilo akahesabu maneno, akayakuta matatu, akaridhika, akagonga muhuri.

"Mkaguzi atakuja," alisema.

"Lini, baba?"

"Siku ya kazi."

"Siku ya kazi ipi?"

"Ile ambayo atakuwa kazini. Mwingine!"

Wiki iliyofuata ilifika barua. Ilisema mkaguzi atatembelea nyumba namba mia na kumi na nne kati ya Jumatatu na Ijumaa, kati ya asubuhi na jioni, na kwamba akimkosa mpangaji, kosa ni la mpangaji. Sikudhani akakaa ndani siku tano. Choo kilikuwa uani, na kila alipokwenda huko aliuacha mlango wa mbele wazi na kuimba kwa sauti, ili mkaguzi akifika ajue kwamba mwenye nyumba yupo, ana shughuli kidogo. Majirani walizijua nyimbo zake zote. Mkaguzi hakuja.

Jumatatu alikwenda kuulizia. Akapanga foleni asubuhi nzima, akaambiwa "subiri atakuja", akarudi nyumbani, akakuta kadi imechomekwa mlangoni: TULIFIKA, HATUKUKUTA. Akakaa tena siku tano akiimba chooni. Hakuja mtu. Akaenda tena kuulizia. Akarudi, akakuta kadi ya pili. Mara ya tatu mambo yakawa yaleyale, ila safari hii Bi Mwanamkasi, aliyekuwa amesinzia mara zile mbili za kwanza, alikuwa shahidi.

"Kaja," alimwambia binti yake. "Kapiga hodi, nikamwambia ingia, mlango uko wazi, dari lenyewe hili hapa. Akaniuliza nikiwa humu humu ndani, wewe ndiye mpangaji? Nikasema mimi mama yake mpangaji. Akasema basi ataandika hakuna mtu. Nikamwuliza, na hii sauti unayozungumza nayo ni ya nani? Akaniambia samahani Bibi, sauti haina sehemu yake kwenye fomu. Ila kijana ana adabu. Kaniamkia vizuri."

Sikudhani alikaa chini akalia. Mwezi mzima ulikuwa umekatika, sare za shule alizopokea kushona zilikuwa bado vitambaa, na mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa kusini.

Aliyeng'amua mambo alikuwa jirani yake, Mama Tegemea, mwanamke mnene aliyekuwa akikodisha mapambo ya harusi. Alizichukua kadi tatu, akazitazama tarehe.

"Sikudhani, mbona hawa wanakuja siku unazokwenda kuwaulizia tu?"

"Ndiyo bahati yangu."

"Bahati gani! Yule karani akikuona dirishani ndipo anapokumbuka. Anasema, aa, yule mama wa mia na kumi na nne, hebu mtumeni mkaguzi. Wewe uko kwenye foleni, mkaguzi yuko mlangoni kwako. Kesho nakwenda mimi kukuulizia. Wewe kaa hapa."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo watu wa Shukrani tu ndio wangeweza kulifanya.

Habari zilitembea mtaani kwamba kesho Sikudhani ana mgeni. Na katika nchi hiyo mgeni ni mgeni. Hata mwizi, mradi amepiga hodi, huvutiwa kiti kwanza. Sikudhani alikuwa amekusudia kuacha kila kitu kama kilivyo ili mkaguzi ajionee mwenyewe. Lakini ilipofika alasiri akazitazama sufuria zake za kukingia maji zilizozagaa sakafuni, akautazama ufa wa sebuleni uliokuwa unapitisha mkono, akakitazama kile kiti kilichoangukiwa na dari kikabaki na miguu mitatu, na akaona haya. Mgeni wa serikali akae pale? Aende kwa watu akaseme alichokiona?

Saa moja baadaye makochi ya nyumba namba mia na kumi yalikuwa yanaingia mlangoni. Zulia likatoka namba mia na ishirini. Kabati la vyombo likaja limebebwa na wanaume wanne likasimamishwa mbele ya ufa, na juu yake vikatandazwa vitambaa vya kufuma. Mama Tegemea akaleta vitambaa vya turubai la harusi, vyeupe na vya samawati, na Sikudhani akaviunga kwa cherehani, akavifunga kwenye nondo za madirisha na kuvikaza kwa kamba, bila msumari hata mmoja, mpaka sebule na chumba cha mama yake vikawa na anga mpya ya kitambaa chini ya mabati matupu na lile dari bovu. Alishona vizuri mno. Hapakuwa na mkunjo.

Bi Mwanamkasi, aliyevalishwa kanga mpya na kuegeshwa mito, aliitazama anga hiyo kwa muda.

"Mwezi mzima tunamwita mtu aje kuona ubovu," alisema. "Amekubali kuja, wewe unauficha?"

"Siufichi, Mama. Nausitiri tu. Akishakula nitamwonyesha."

Mkaguzi alifika siku ya pili, jua likiwa utosini. Jina lake lilikuwa Bwana Ndimbo, mfupi, wa miaka kama arobaini, mwenye kofia ya kazi na uso wa mtu anayekwenda kwa miguu siku zote. Muhuri wake aliuning'iniza shingoni kwa kamba, kama wengine wanavyovaa hirizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu ndani."

"Habari za nyumba?"

"Njema tu, tunamshukuru Mungu."

Bwana Ndimbo akafungua fomu yake na, kwenye mstari wa kwanza, palipoandikwa *Hali ya nyumba kwa maelezo ya mpangaji*, akaandika: Njema.

Akaletewa pilau. Akaletewa kachumbari, ndizi na maji ya kunawa. Mara tatu Sikudhani alifungua kinywa aseme habari za dari, na mara tatu Bwana Ndimbo akamtangulia kwa kuisifia nyumba. Miaka kumi na sita ya ukaguzi, alisema, hajapata kuona nyumba ya Halmashauri yenye dari la kitambaa cha hariri. Sikudhani akashindwa. Utamwambiaje mtu anayekusifia, tena mdomo wake una pilau lako, kwamba anachokisifia ni uongo?

"Sasa wakazi," alisema mkaguzi akifuta vidole. "Wewe, nimekuona. Na mama?"

"Mama hajambo. Ila kusema kweli, baba, miguu..."

"Hapa nafasi ziko mbili. *Mzima na anatembea.* Au *Marehemu.*"

Sikudhani akageuka kutazama chumba cha mama yake.

"Basi ile ya kwanza."

Bwana Ndimbo akaweka alama. Akaandika, *Kasoro: hakuna*, akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga.

"Baba," alisema Sikudhani, "lipo jambo nilitaka kukuonyesha."

Uso wa Bwana Ndimbo uliingiwa na huzuni ya kweli. "Ungesema kabla ya muhuri, mama. Baada ya muhuri huwa ni umbea."

Alikuwa ameshaivaa kofia yake wakati Bi Mwanamkasi alipoita kutoka chumbani. "Wewe bwana mkaguzi! Unaondoka bila kuniaga? Kwenu wapi, kusiko na adabu huko?"

"Kwetu Bondeni, Bibi," alijibu Bwana Ndimbo akiingia.

"Bondeni!" Bibi kizee aliangua kicheko mpaka mito ikamponyoka. "Ninyi wala vyura! Nilijua tu, nilipousikia ule mguu wako unavyokanyaga kwa kunyata. Mimi wa Milimani, mjukuu wangu. Milimani kwa juu kabisa."

Bwana Ndimbo akavua kofia taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu. Maana watu wa Bondeni na watu wa Milimani walikuwa watani tangu mababu zao walipopigania mbuzi mmoja miaka saba, mpaka mbuzi akafa kwa uzee, nao wakamlia pamoja na kumla pamoja. Tangu hapo mtani humtukana mtani wake bila kosa, humwingilia jikoni, humnyang'anya alichoshika, na akimwamuru jambo halikataliwi. Nchi ile ilikuwa na sheria elfu sita zisizofuatwa, na hii moja isiyoandikwa popote ilifuatwa na wote.

"Lete kofia," alisema Bi Mwanamkasi, akaichukua kwa ncha ya bakora. "Sasa lala hapo kwenye mkeka, chali, utazame ninapotazama mimi."

"Bibi, niko kazini."

"Hakuna kazi mbele ya mtani. Lala, mla vyura!"

Mkaguzi wa Halmashauri akalala chali kwenye mkeka, muhuri wake kifuani. Bi Mwanamkasi akaingiza bakora katikati ya kitambaa cha samawati, akavuta kwa nguvu zake zote. Anga ikashuka. Kitambi cha dari kikaonekana, cheusi, kimeota ukungu, kimepasuka katikati, na kupitia mpasuko ule ikaonekana mbingu yenyewe. Kipande kikubwa kama sahani kikadondoka, kikapita karibu na sikio la mkaguzi, kikavunjika sakafuni.

Bwana Ndimbo hakuinuka mara moja.

"Bibi," alisema, "hili litakuua."

"Ndiyo maana tulikuita."

"Nami nimeandika hakuna kasoro."

"Umeandika. Na kofia sikupi. Jikomboe!"

Mtani aliyekamatwa hujikomboa kwa kuku, au kwa kilo ya sukari, au kwa chochote alicho nacho. Bwana Ndimbo alijipapasa mifukoni, akakuta kalamu na karafuu mbili za kutafuna. Akakaa kitako kwenye mkeka akafikiri, kisha akatoa kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, nacho kilikuwa siri ya ofisi.

"Mkienda kule," alinong'ona, "msithubutu kusema ripoti imekosea. Watu wamefungwa kwa neno hilo. Semeni nyumba imekosea."

Bi Mwanamkasi akamrudishia kofia yake.

Asubuhi yake Sikudhani alikuwa dirisha namba nne. Alikuwa amelirudiarudia neno lile njia nzima, kama anayekwenda kufanya mtihani.

"Nyumba yangu," alimwambia Bwana Mbwilo, "hailingani na ripoti."

Bwana Mbwilo akaweka kalamu chini. "Mama, unasema ripoti ya Halmashauri, yenye muhuri, ni ya uongo?"

"Hasha, baba! Ripoti ni ya kweli tupu. Nyumba ndiyo ya uongo. Ripoti inasema haina kasoro, yenyewe inazo. Tena haioni haya."

"Imekaidi?"

"Imekaidi."

Bwana Mbwilo akashusha pumzi, rangi ikamrudia. Kumbe halikuwa jambo la kutisha. Ombi la matengenezo lilikuwa lawama kwa Halmashauri, na lawama huchukua miaka tisa kujibiwa. Lakini nyumba kukaidi ripoti lilikuwa suala la nidhamu, na katika nchi ile karatasi na kitu vikitofautiana, aibu ni ya kitu. Alimwelekeza dirisha namba tisa, Idara ya Ulinganifu.

Sikudhani hakuwahi kujua kwamba liko dirisha namba tisa. Halikuwa na foleni. Lilikuwa na zulia, feni na ofisa aliyesimama alipomwona.

"Nyumba imekaidi kwa muda gani, mama?"

"Mwaka mzima, baba."

"Masikini. Na wewe umevumilia! Rudi nyumbani, tunakuja."

Kabla hajamaliza kunywa maji alipofika nyumbani, lori lilikuwa mlangoni. Waliteremka mafundi kumi na wanne, wakateremsha mabati mapya, mbao na siling bodi. Msimamizi wao, mzee mmoja mwenye penseli sikioni, alisimama mbele ya mlango akaisomea nyumba mashtaka: kwamba wewe, nyumba namba mia na kumi na nne, kwa makusudi na kwa kudhamiria, ulivuja huku ukijua umeripotiwa kutovuja. Akaiuliza kama ina la kujitetea. Nyumba ikanyamaza. Msimamizi akaandika, *Imekiri*, na mafundi wakapanda juu.

Ilipofika jioni paa lilikuwa zima, madari yote mawili yamenyooka, na ufa umezibwa kwa saruji. Siku ya tatu, mchana, masika yakaingia kwa kishindo. Sikudhani alikaa kwenye mkeka chumbani kwa mama yake, mabega juu, akingoja tone la kwanza. Halikuja. Mvua ilipiga bati saa nzima na mama yake alikuwa amelala usingizi mdomo wazi, mkavu, yuko palepale dirishani pake. Sikudhani akalia kwa furaha, bila kujificha.

Siri haikukaa. Wiki ile ile kila nyumba ya Shukrani ilimwalika Bwana Ndimbo, ikapika pilau, ikatandaza vitambaa. Nyumba namba tisini haikuwa na mlango, ikaripotiwa ina miwili, ikawekewa miwili. Nyumba namba sabini na sita iliripotiwa kuwa na maji ya bomba saa zote, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuyaona yakitoka. Bwana Ndimbo alinenepa. Halmashauri ilimpa cheti cha uhodari, kwa kuwa katika historia yake yote hakuna mkaguzi aliyepata kuripoti habari njema nyingi kiasi kile.

Kisha ikafika barua ya pili nyumbani kwa Sikudhani. Ilitoka Idara ya Ulinganifu. Ilisema mafundi waliokuwa juu ya paa wamebaini, kwa macho yao wenyewe, kwamba Mkazi Namba Mbili, aliyeripotiwa kuwa mzima na anatembea, anashinda amelala. Anapewa siku saba za kulingana. Asipolingana, atahamishiwa katika nafasi ya pili ya fomu.

Sikudhani aliisoma kwa sauti mara mbili.

"Nafasi ya pili ni ipi?" aliuliza mama yake.

"Marehemu, Mama."

Bi Mwanamkasi alitazama nje, kwenye kipande chake cha barabara. "Waje," alisema. "Wamechelewa kidogo tu, lakini waje."

Bwana Ndimbo alikuja mbio, ameshika kofia mkononi, akiomba radhi mlangoni kabla hajaingia. Alisema amekwenda dirisha namba tisa mara nne kusema kosa ni lake, na mara zote nne wamemwambia mtu mwenye cheti cha uhodari hakosei. Sikudhani alimfokea kwa mara ya kwanza tangu amjue. Kisha akampikia chai, maana alikuwa amelowa mvua.

Siku ya saba lori lilisimama mlangoni. Safari hii Mheshimiwa Mkurugenzi mwenyewe alikuja, na suti yake, na kipaza sauti chake. Mafundi waliingia chumbani wakaamkia, wakamzunguka Bi Mwanamkasi. Mmoja alipendekeza miguu ibadilishwe. Mwingine alisema miguu ya vipimo vile haipo stoo. Sikudhani alisimama kati yao na kitanda, mikono ameitandaza, na ilionekana wazi kwamba wa kumpita hajazaliwa.

Yule mzee mwenye penseli sikioni alikuwa amenyamaza muda wote. Kabla ya kuajiriwa na Halmashauri alikuwa fundi baiskeli.

"Ripoti imesema anatembea," alisema mwishowe. "Haikusema kwa miguu."

Akatoka nje na mafundi wawili, wakachukua kiti kimoja cha ofisi kutoka kwenye lori na magurudumu manne ya toroli la zege, wakagonga, wakakaza nati. Baada ya saa moja wakarudi nacho ndani. Sikudhani alimbeba mama yake mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine, akamweka kitini, akamfunika miguu kwa kanga, akamsukuma hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi nje.

Miaka minne Bi Mwanamkasi hakuwa ameyaona mawingu yakiwa mazima. Aliyatazama. Akaitazama nyumba yake kwa nje, akasema kumbe ni mbaya namna hii. Watu wa Shukrani walipiga vigelegele, Mama Tegemea akicheza mbele, na wote ambao bibi kizee alizoea kuwaona nusu wakipita dirishani sasa walisimama mbele yake wakimwamkia, naye akawauliza mmoja mmoja mambo waliyodhani hayajui. Sikudhani alikuwa anacheka na kulia pamoja, na hakujua afute kipi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa Mkurugenzi. "Leo mmeshuhudia kwa macho yenu namna maendeleo yanavyoifikia karatasi! Wapo wanaosema tunaandika yasiyokuwepo. Nawauliza, huyu mama hayupo? Hatembei?"

"Anatembea!" waliitikia watu, maana ilikuwa kweli.

Alikuwa anatembea. Alitembea hatua kama ishirini, mpaka mwisho wa ua, mahali barabara ya Shukrani inapoanza. Pale gurudumu la mbele likazama kwenye shimo lililojaa maji ya mvua, kiti kikainama, na Sikudhani akamdaka mama yake asidondoke. Wakasukuma, hakikwenda. Wakavuta, hakikurudi. Mbele yao mashimo yalifuatana mpaka macho yanapokoma. Mheshimiwa Mkurugenzi, aliyekuwa ametazama upande mwingine, aliendelea na hotuba.

Bi Mwanamkasi akalichunguza shimo. Kisha akageuza shingo.

"Mtani wangu yuko wapi? Mla vyura!"

"Nipo, Bibi."

"Toa fomu. Andika barabara hii ina lami. Na mifereji, na miti ya kivuli pande zote mbili."

"Bibi, barabara si idara yangu. Mimi ni wa nyumba tu."

"Andika basi kwamba wewe ni wa barabara."

Bwana Ndimbo alimtazama Mkurugenzi, akalitazama shimo, akamtazama bibi kizee aliyekuwa anangoja. Akapiga goti kwenye tope, akaiweka fomu juu ya paja, akaandika, akaupulizia muhuri pumzi.